Maji Matamu Chini ya Mchanga wa Shela

Kisiwa cha Lamu kimezungukwa na bahari, hakina mto wala ziwa, na bado watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni mjini Lamu wakifungua mfereji hupata maji ya kunywa. Yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, vilivyojipanga ufuoni kwa takriban kilomita 12 kuelekea Kipungani. Kazi yangu ni kupima maji yaliyo chini ya ardhi, na nataka nieleze jinsi tangi hili la mchanga linavyofanya kazi, kwa sababu madhara makubwa yanayolipata huanzia mahali ambapo macho hayafiki.

Tuanze na mvua. Lamu hupata karibu milimita 900 kwa mwaka, nyingi zikinyesha wakati wa masika, na Mei ndiyo kilele. Mvua hiyo ikiangukia udongo wa mfinyanzi, hutiririka au hutuama hadi jua liikaushe. Mchanga wa Shela huimeza papo hapo. Nenda pale siku mbili baada ya mvua kubwa ukwangue kwa kiganja: juu mchanga umeshakauka, unamwagika vidoleni, shubiri moja chini umeshikana, rangi imekoza, na mkono unahisi ubaridi. Tabaka kavu la juu ndilo kifuniko. Maji hupanda kwa shida sana kupitia mchanga mkavu, kwa hiyo jua haliyafikii, na mimea ya kuyanyonya ni michache. Yanazidi kuteremka taratibu hadi yanapokutana na maji ya bahari, ambayo nayo yamejipenyeza chini ya kisiwa.

Hapo hayachanganyiki ovyo. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1. Ya bahari ina karibu kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji matamu yaelee juu ya maji ya chumvi. Mholanzi Willem Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Alexander Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha hesabu yake: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Wote wawili walikuwa wakishughulika na pwani za mchanga kama yetu.

Fikiria jahazi lililopakia boriti. Likishehenezwa, tumbo lake huzama zaidi, likipakuliwa, hupanda. Maji ya Shela yako hivyo hivyo. Mvua ndiyo shehena. Tukiyateka kuliko yanavyoingia, uso wa maji kisimani hushuka kidogo tu, lakini upande wa chini chumvi hupanda mara 40 ya kipimo hicho. Sentimita 10 zikipungua juu, na hali ikadumu, mita 4 za maji matamu hupotea chini.

Pampu yenye nguvu hufanya jambo baya zaidi. Huvuta maji mengi kutoka sehemu moja, na chumvi iliyo chini yake huinuka kama kichuguu hadi kufika kwenye mdomo wa bomba. Ninapoteremsha kipimo kwenye kisima cha namna hiyo, kile kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme (ya chumvi huupitisha zaidi), juu kinasoma vizuri. Kikikaribia chini, namba huanza kupanda, kisha huruka. Mwenye kisima hana habari, kwa sababu ndoo yake bado ni tamu. Chumvi yenyewe haihitaji kuwa nyingi. Lita moja ya bahari ina karibu gramu 19 za kloridi, sehemu kuu ya chumvi, na ulimi wa mtu huanza kuionja kwenye maji inapofika kama miligramu 250 kwa lita. Kwa hiyo lita moja na kidogo ya bahari inatosha kuharibu lita mia moja nzima.

Chumvi ikishapanda, haishuki kwa mvua moja. Inaweza kuchukua miaka ya masika mazuri na uvumilivu wa kutoteka. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa, mji uliostawi karne ya 15 hadi ya 17 kisha ukahamwa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti ni visima kugeuka chumvi. Masimulizi yanasema watu wake walivukia Shela, na watu wa Shela wamedumisha desturi ya kurudi Takwa kuomba mvua kwenye kaburi lenye mnara.

Kwa hiyo ninapoona mchanga ukichotwa kwa ajili ya ujenzi, au msingi wa jengo ukichimbwa juu ya vilima, huumia. Kila kipande kinachowekewa zege huigeuza mvua iliyopaswa kuingia ardhini ikakimbilia baharini. Mashimo ya choo nayo ni hatari: mchanga huchuja vijidudu vingi, lakini naitreti, kemikali itokanayo na uchafu wa choo, hupita pamoja na maji hadi kisimani. Kwa maoni yangu vilima vile havipaswi kujengwa kitu chochote, hata nyumba ndogo.

Kwa wenye visima, nina ombi moja. Kisima kikianza kukolea chumvi, tafadhali usikichimbe zaidi. Watu wengi hufanya hivyo, na huko chini ndiko chumvi iliko. Pumzisha pampu, inua bomba lake, teka kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kwa nguvu kwa saa moja. Visima vifupi vingi vilivyotawanyika ni salama kuliko kimoja kirefu.

Na tupunguze kukitegemea kisima. Watu wa visiwa vya Pate na Ndau wamejenga majabia tangu zamani: sakafu pana iliyopigwa lipu, inayopokea mvua na kuiteremsha kwenye tangi lililochimbwa ardhini. Paa la mabati linaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, kwa mvua ya milimita 900, hupokea lita 54,000 kwa mwaka. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki kama lita 43,000. Nyumba ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja huhitaji lita 120 kwa siku. Tangi la lita 10,000 lililojaa mwisho wa vuli huitosha nyumba hiyo karibu miezi mitatu ya kaskazi, Januari hadi Machi, wakati mvua imekatika na visima vya Shela havipokei chochote.