Kucheka penye msiba: dhana potofu kuhusu hadithi za ucheshi mchungu

Dhana: Anayecheka hadithi ya kifo hana utu.

Hii ndiyo inayowafukuza wengi kutoka vikundi vya kusoma, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Katika hadithi nzuri za ucheshi mchungu, yaani zinazochekesha kwa mambo ya kutisha kama kifo, anayechekwa ni nadra kuwa marehemu. Wanaochekwa ni walio hai: mpwa anayelia huku akiipima nyumba kwa macho, karani anayetaka fomu iletwe na saini ya aliyekwisha kufa, ndugu wanaogombea nafasi karibu na jeneza picha inapopigwa. Mwandishi wa Ireland Jonathan Swift alipopendekeza kwa kejeli mwaka 1729 kwamba maskini wa Ireland wawauzie matajiri watoto wao wawe kitoweo, hakuwa akiwadhihaki watoto hao. Aliiga lugha ya watu waliomgeuza binadamu kuwa tarakimu, akaifuata hadi ikatisha.

Ndiyo maana mazungumzo hunoga pale mtu anapouliza: hapa anachekwa nani, na ana uwezo gani wa kujitetea? Zipo hadithi zinazomkandamiza mnyonge tu, na swali hilohilo huzianika. Kikundi kisione haya kusema kwamba hadithi fulani ni katili na haina kingine.

Dhana: Asemayo msimulizi ndiyo anayoyaamini mwandishi.

Ucheshi mchungu huishi katika pengo lililo kati ya hao wawili. Msimulizi hueleza jambo la kutisha kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya manunuzi, na mshtuko anaachiwa msomaji. Someni aya moja kwa sauti, polepole, na utulivu huo utasikika kuliko mtu akisoma kimyakimya peke yake. Mwandishi wa Marekani Shirley Jackson alipochapisha "The Lottery", hadithi ya kijiji kinachomuua mmoja wa watu wake kwa kura kila mwaka, katika jarida la The New Yorker mwaka 1948, sauti ile tulivu ilifanya kazi kiasi kwamba baadhi ya wasomaji waliandika kuuliza mila ile ya mauaji hufanyika wapi.

Dhana: Ni mtindo wa vijana wa siku hizi.

La. Mshairi Mfaransa André Breton alikusanya maandishi ya namna hii katika kitabu kilichochapwa Ufaransa mwaka 1940, na utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, ukakizuia. Kabla yake, Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, alikwisha kueleza kisa cha mtu anayepelekwa kunyongwa Jumatatu, naye anasema wiki imeanza vizuri.

Dhana: Asiyecheka hajaelewa.

Mara nyingi ameelewa mno. Huenda sentensi iliyowavunja mbavu wenzake imegusa kidonda chake, au ameona dharau ambayo kicheko kiliifunika. Mwongoza mazungumzo ampe nafasi mapema, kabla wacheshi wa kikundi hawajaiteka meza, wala asimlazimishe kutaja sababu. Mimi naamini mjadala wa hadithi hizi hauna uzito bila mtu wa namna hiyo.

Dhana: Ni fupi, kwa hiyo hazihitaji maandalizi.

Zisomwe mara mbili. Safari ya pili mwisho unajulikana, na zile dalili zilizopita kama mzaha huonekana zilivyopangwa. Anayechagua hadithi aseme mapema inahusu nini, hasa ikiwa kuna kujiua au kifo cha mtoto, ili aliyefiwa karibuni aamue mwenyewe kama atakuja safari hii au ijayo.