Graviti ya bia ni nini, na kwa nini usiamini mapovu

Ukianza kutengeneza bia nyumbani, kila resipi utakayofungua ina vinamba kama 1.050 na 1.010 na wengi wanavipita tu wanakimbilia kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu). Lakini hivyo vinamba ndio graviti, na ndio vinakwambia bia yako ina nguvu kiasi gani na imeshamaliza kuchacha au bado. Hakuna kitu kingine kwenye ndoo kinachokwambia hilo kwa uhakika.

Graviti ni uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji. Maji safi ni 1.000. Ukiloweka kimea kwenye maji ya moto ukapata yale maji matamu, wanaita woti, sukari iliyoyeyuka humo inayafanya yawe mazito kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo lita moja ya woti yenye graviti 1.050 ina uzito wa asilimia 5 zaidi ya lita ya maji. Watu wakiongea wanasema "pointi 50", wanamaanisha hiyo 50 ya mwisho. Kwa makadirio, kilo moja ya sukari ya kawaida ndani ya lita 10 inakupa pointi 38 hivi. Kimea cha shayiri kinatoa kidogo kuliko hapo kwa sababu kina maganda, na pia sio sukari yote inatoka wakati wa kuloweka kwenye maji ya moto, ndio maana kwa lita 20 za bia ya kawaida unahitaji kama kilo 4 na nusu za kimea ufike 1.050.

Sasa hamira ikiingia inakula sukari, inatoa alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi inaondoka zake, sukari inapungua, na alkoholi yenyewe ni nyepesi kuliko maji, basi namba inashuka. Graviti ya kabla ya kutia hamira ndio graviti ya kuanzia, ile ya bia ikishatulia ndio graviti ya mwisho, na tofauti ya hizo mbili ndio kilevi chako. Chukua ya kwanza toa ya mwisho zidisha kwa 131.25. Mfano 1.050 toa 1.010 ni 0.040, zidisha unapata 5.25, yaani bia ya asilimia 5 na kidogo. Ni makadirio lakini kwa bia za kawaida yanatosha kabisa. Ukisahau kupima siku ya kupika hiyo hesabu imeenda, huwezi kuirudisha, kwa hiyo pima kabla hamira haijagusa woti.

Kinachopima kinaitwa haidromita, mrija wa kioo wenye uzito chini, unaelea juu zaidi kwenye maji mazito kama yai kwenye maji ya chumvi. Unajaza woti kwenye silinda nyembamba, unakidumbukiza, unakizungusha kidogo viputo vya gesi vidondoke maana vikikishikilia vinakinyanyua namba inakuwa ya uongo, halafu unasoma usawa wa maji, sio pale maji yanapopanda kwenye kioo. Angalia pia joto. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, ukipima woti ya nyuzi 40 itakusomea chini kwa pointi 6 hivi, kwa hiyo subiri ipoe. Sampuli ukimaliza usiirudishe kwenye ndoo, onja, utajua bia inaelekea wapi, ikibaki mwaga.

Sasa hili la mapovu. Watu wanaangalia kile kifaa cha kutolea gesi juu ya ndoo, kikiacha kububujika wanasema bia imeiva wanatia chupani. Kifaa kinaweza kunyamaza kwa sababu mfuniko unavuja na hamira bado inakula, na kinaweza kuendelea kububujika kwa sababu tu chumba kimepata joto na gesi iliyokuwa imeyeyuka inatoka. Namba ndio ukweli: pima, ngoja siku mbili au tatu, pima tena, ikiwa ile ile na iko karibu na ile ya kwenye resipi imemaliza. Hili nalisisitiza kwa sababu ni usalama. Kabla ya kufunga chupa unaongeza gramu 6 au 7 za sukari kwa lita ili bia ipate gesi, sasa kama kwenye bia kumebaki pointi 3 ambazo hamira ingezila, hizo peke yake zinakaribia dozi hiyo nzima, maana yake umetia gesi mara mbili na chupa ya kioo inaweza kupasuka vipande vikaruka. Sio utani, watu wanaumia.

Usitegemee namba ishuke mpaka 1.000 lakini. Kuna sukari ndefu kwenye kimea, yaani zilizoungana kama mnyororo mrefu, ambazo hamira nyingi za bia haziwezi kuzila, na wewe ndiye unayeamua zitakuwa kiasi gani, kwa joto la maji ya kulowekea. Ukiloweka kimea kwenye nyuzi 63 hivi vimeng'enya, yaani vile vitu vya kwenye kimea vinavyovunja wanga, vinakata sukari fupi fupi, hamira inakula karibu zote, bia inatoka kavu. Ukipanda mpaka 68 zinabaki ndefu nyingi zaidi, graviti ya mwisho inakuwa juu na bia inajaa mdomoni. Kwa hiyo bia mbili zilizoanza 1.050 zinaweza kuishia moja 1.008 nyingine 1.015 na zote ziko sawa. Na ile stauti (bia nyeusi) inayotiwa sukari ya maziwa inaweza kuishia 1.020 na zaidi, kwa sababu hamira ya bia haigusi sukari hiyo.

Namba ikigoma kushuka mfano kwenye 1.025 wakati resipi inasema 1.012, kwanza cheki joto, baridi inailaza hamira. Sogeza ndoo sehemu yenye joto kidogo, izungushe taratibu hamira iliyotuama chini inyanyuke, subiri siku kadhaa upime tena. Usifungue mfuniko kila saa.

Kuna wanaotumia rifraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye woti, inataka matone mawili tu na ni nzuri sana siku ya kupika. Ila alkoholi ikishaingia inavuruga mwanga na namba inasomeka juu kuliko ilivyo, inabidi uipitishe kwenye kikokotoo cha kusahihisha. Siku ya kuamua kutia chupani mimi natumia haidromita tu.