Futa neno moja uone: kufundisha uhakiki wa hadithi za uhalisia Kidato cha Tatu

Mwanafunzi akiulizwa dhamira za riwaya aliyosoma, mara nyingi hutoa orodha: rushwa, mapenzi, nafasi ya mwanamke, umaskini. Orodha hiyo inaweza kuwa sahihi, lakini ingefaa pia karibu kila riwaya iliyo kwenye kabati la shule. Ameikariri kutoka kwenye kijitabu cha uchambuzi, fani huku, maudhui kule. Ndiyo maana napendekeza kuanza na dondoo fupi ambalo halina kijitabu, ili asiwe na pa kukimbilia isipokuwa kwenye maneno yenyewe.

Maneno kama 40 yanatosha, na yasizidi 150. Yaandikwe ubaoni. Hili nimelitunga kwa ajili ya kazi hii:

“Mama Neema alihesabu noti mara ya pili, akazikunja, akazifunga kwenye ncha ya khanga. Neema alikuwa amesimama mlangoni, sare imepigwa pasi, viatu mkononi. ‘Ada ya kaka yako imetimia,’ mama alisema, akiangalia pembeni. Neema aliviweka viatu chini ya kitanda, akachukua ndoo.”

Lisomwe kwa sauti mara mbili, kisha uliza: nini kimetokea ambacho hakikusemwa? Darasa litajibu kwamba Neema haendi shule. Watake waonyeshe mahali. Hakuna aliyetamka hivyo. Tumelijua kwa viatu vilivyotoka mkononi vikaenda chini ya kitanda.

Sasa anza kufuta. Ondoa “akiangalia pembeni”, weka “akimkazia macho”. Huyo ni mama mwingine kabisa. Wa kwanza anaona haya, anajua anamnyima nani. Wa pili ameshaamua na hataki swali. Rudisha maneno hayo, kisha futa “mara ya pili”. Kuhesabu upya kunatuambia kwamba huenda alitumaini fedha zingewatosha wote wawili. Mwanafunzi aliyeandika “mama ni katili” lazima sasa arekebishe hoja yake, kwa sababu ushahidi unamkatalia. Katika kipindi cha dakika 40, ningetoa dakika 20 kwa zoezi hili peke yake, hata kama muhtasari wa somo unakimbiza.

Mwanafunzi makini anaweza kuhoji: ada ipi, wakati shule za serikali Tanzania zilifuta ada hadi Kidato cha Nne kuanzia 2016? Usilipite swali hilo. Ama kisa ni cha kabla ya hapo, ama kaka anasoma shule ya binafsi au amevuka Kidato cha Nne, na kila jibu linabadili uzito wa uamuzi wa mama. Mandhari hufundishwa mno kama mahali tu. Katika hadithi ya uhalisia, wakati, bei na sheria navyo ni mandhari, maana ndivyo vinavyowabana wahusika. Kwenye ngano jini laweza kuleta fedha usiku. Hapa kila tukio linadai sababu inayowezekana.

Insha huharibikia kwenye aya. Aya moja ibebe hoja moja: sentensi ya hoja, nukuu isiyozidi maneno kumi, halafu sentensi tatu za ufafanuzi. Wengi huandika hoja, wakanakili nusu ukurasa, wakahamia hoja inayofuata. Ufafanuzi ndio uhakiki wenyewe, nao ndio unaokosekana. Linganisha:

“Mwandishi ameonyesha ubaguzi wa kijinsia. Neema hakwenda shule, kaka yake akaenda.”

“Ubaguzi hapa unatendwa na mtu anayeumia kuutenda. Mama anatoa habari ‘akiangalia pembeni’. Hathubutu kukutana na macho ya binti, kwa hiyo anajua kwamba anamwonea. Naye Neema habishi, anachukua ndoo, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo. Mwandishi anatuonyesha desturi iliyozoeleka kiasi kwamba haihitaji hata kutamkwa.”

Ukitaka kujua kama mwanafunzi anasimulia badala ya kuhakiki, mwambie apigie mstari kila “halafu”, “kisha” na “baada ya hapo”. Vikifika vitatu katika aya moja, aiandike upya. Kosa jingine ni kumbebesha mwandishi maneno ya mhusika: mlevi akitukana wanawake ukurasa wa 30, mwanafunzi anaandika “mwandishi anasema wanawake hawafai”. Mfundishe kutaja msemaji, anayesemeshwa na hali iliyokuwapo kabla hajagusa msimamo wa mwandishi.

Tamathali za semi zisihesabiwe kama mbuzi zizini. Sitiari mbili zilizoelezwa zinafanya nini zina thamani kuliko tisa zilizotajwa majina.

Kabla ya insha ndefu kuhusu kitabu teule, waandike kisa chao cha maneno 200. Masharti ni matatu: pasiwe na kifo, ajali wala ndoto; hisia zisitajwe kwa jina, yaani “alihuzunika” na “alifurahi” vimepigwa marufuku; na sentensi ya mwisho isiwe funzo. Sharti la tatu ndilo gumu kwao, kwa kuwa tangu shule ya msingi wamezoea kufunga hadithi kwa methali. Wakimaliza, wabadilishane madaftari wawili wawili. Kila mmoja afute jambo moja dogo katika kisa cha mwenzake, na mwenye kisa aeleze kwa maandishi, sentensi mbili au tatu, kilichopotea. Asiyeweza kueleza aliache lifutwe.