Bakteria kiashiria: kinachohesabiwa maji ya kuogelea yanapopimwa

Ukisimama asubuhi Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, maji yakiwa magotini, unaviona vidole vyako vya miguu na kokoto zilizo chini yake. Nyuma yako Milima ya Livingstone imeinuka ghafla, na kwa sisi tunaoshuka kutoka Mbeya na masweta yetu, joto la Kyela peke yake linatosha kukuvuta ziwani. Hakosekani mtu wa kusema: maji meupe namna hii, yatakuwa na nini?

Macho hayawezi kujua. Bakteria wa E. coli ana urefu wa mikroni 2 hivi, maana yake ukiwapanga 500 kwa mstari ndipo wanatimiza milimita moja. Mililita 100 za maji, ambazo hazifiki hata nusu glasi, zinaweza kubeba maelfu ya hao na bado zikang'aa.

Ndiyo maana maji ya kuogelea, yawe ya bahari, mto au ziwa, hupimwa kwa kumtafuta bakteria kiashiria. Huyu ni bakteria anayeishi kwenye utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto. Akionekana majini, anatoa taarifa moja tu: kinyesi kimefika humu. Aina zake nyingi hazimdhuru mtu, na anatafutwa kwa sababu ya wale anaoweza kuwa ameongozana nao. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa wingu ni E. coli au wenzake waitwao enterokoki. Mvua yenyewe ni kuhara, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A na kipindupindu.

Mbona wasitafute kipindupindu moja kwa moja? Kwa sababu magonjwa ya kinyesi ni mengi, ya bakteria, ya virusi na ya protozoa, na kila mmoja una kipimo chake na bei yake. Tena kijidudu cha ugonjwa huingia majini hasa pale kunapokuwa na mtu aliyeambukizwa, na mara nyingi kwa idadi ndogo. Leo utakikosa, kesho kipo. E. coli hana msimu. Gramu moja ya kinyesi cha mtu mzima wa afya ina mamilioni yake. Hata aliyemgundua mwaka 1885, daktari wa watoto Theodor Escherich, alimkuta kwenye vinyesi vya watoto wachanga, na herufi ile E. inasimama badala ya jina lililotokana na lake. Katika maji yasiyo na chumvi kama ya Ziwa Nyasa E. coli anatosha kwa kazi hiyo. Baharini wanapendelewa enterokoki, kwa kuwa wanavumilia chumvi kumzidi.

Kuchota sampuli kunaonekana kazi ya mtoto, lakini hapo ndipo vipimo vingi huharibikia. Chupa lazima iwe imeshauawa vijidudu kabla ya safari. Mchotaji anaingia mpaka maji ya magotini au kiunoni, anasubiri tope alilolitibua litulie, anageukia upande mkondo unakotokea, kisha anaizamisha chupa mdomo ukitazama chini, kama sentimita 30, ndipo anaipindua ijae. Kidole hakigusi ndani ya kifuniko. Chupa inaingia kwenye kasha la barafu, na saa zinaanza kuhesabiwa: utaratibu unaofuatwa sana unataka maji yafike maabara ndani ya saa 6, kwa sababu ndani ya chupa iliyopata joto bakteria hufa au huzaana, na namba inapotea njiani. Kutoka Matema hadi Mbeya mjini, ukipanda Tukuyu na kona zake, anayeondoka mapema anawahi; anayesimama kununua vyungu vya Wakisi na ndizi za Tukuyu ajihesabie mwenyewe.

Maabara, mililita 100 zinapitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikroni 0.45. Maji yanapita, bakteria wanabaki juu. Chujio linalazwa kwenye sahani yenye chakula chao, sahani inawekwa kwenye kabati la joto, na kwa ajili ya E. coli joto hilo hufikishwa nyuzi 44 hivi, ambalo wengi wasiotoka utumboni hawalipendi. Siku ya pili kila bakteria aliyenaswa akiwa hai ameshajenga doa linaloonekana kwa macho. Mtu anahesabu madoa. Basi.

Kwa maji ya kunywa kanuni ni fupi: E. coli asionekane hata mmoja katika mililita 100. Maji ya kuogelea yanapewa nafasi zaidi, maana mtu humeza kidogo tu. Marekani, katika vigezo vyao vya 2012, wanaruhusu wastani wa 126 katika mililita 100 kwa sampuli za siku 30, na sampuli zinazozidi 410 zisivuke asilimia 10. Wastani wenyewe si ule wa kujumlisha na kugawanya. Chukua mfano wa kubuni wa sampuli tano: 20, 30, 40, 50 na 2,000. Wastani wa kawaida ni 428, wakati siku nne kati ya tano maji yalikuwa mazuri. Wastani wa kijiometri, ambapo unazidisha namba zote kisha unatafuta kipeuo cha tano, unatoa kama 75. Unapita kwa raha! Kigezo cha pili ndicho kinachomkamata yule wa 2,000. Mimi nikiletewa ripoti yenye wastani peke yake, swali langu la kwanza ni namba kubwa kuliko zote ilikuwa ngapi, na siku ile mvua ilinyesha?

Mvua ndiyo habari yote kule Kyela. Maji ya milima ya Rungwe yanateremka kwa mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yanapita mashambani, kwenye mazizi, kwenye vyoo vya shimo vya bondeni ambako mafuriko si mageni, kisha yanaishia ziwani. Baada ya mvua kubwa, karibu na mdomo wa mto, namba hupanda ghafla, halafu jua na maji mengi ya ziwa huzishusha tena. Kwa kuwa kuotesha huchukua takriban siku nzima, jibu la sahani linahusu maji ya jana. Aliyeoga jana ameshaoga. Kwa hiyo fukwe zinazofuatiliwa vizuri hazingoji sahani. Zikishajua kwa vipimo vya misimu kadhaa kwamba mvua kubwa huleta uchafu, watu huambiwa wasiingie mvua ikishanyesha tu.

Wingu letu, yaani E. coli, nalo hudanganya. E. coli wa ng'ombe na wa mtu hawatofautiani kwenye sahani, ingawa kinyesi cha mtu kwa kawaida ndicho cha kuogopwa zaidi. Katika nchi za joto anaweza pia kudumu kwenye udongo na mchanga wenye unyevu, watoto wakiuchimba anarudi majini bila kinyesi kipya.

Na kuna asichokijua kabisa: kichocho, ambacho Ziwa Nyasa linafahamika nacho. Kiluwiluwi chake hutoka kwenye konokono, hupenya ngozi bila mtu kumeza hata tone, na sahani ya E. coli inaweza kuwa tupu naye yupo. Huyo hutafutwa kwa kuokota konokono kwenye majani ya ukingoni, kuwaweka kwenye maji ndani ya chupa na kuwaanika mwangani uone watatoa nini. Saa zao nazo zimepishana: mchana, jua linapokuwa limeua bakteria wengi juu ya maji, ndipo viluwiluwi vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi.