Mpeni mtoto nafasi ya kurudia swali

Wageni wakialikwa kuzungumza na wanafunzi wetu, ujumbe huwa mmoja: msikate tamaa. Watoto wanapiga makofi, kisha wanarudi darasani, ambako anayekosea jibu anachekwa, karatasi ya jaribio inarudishwa ikiwa na 12 ya wino mwekundu, na kesho yake tunaanza mada mpya. Mimi ni mwalimu wa Hisabati sekondari hapa Tanzania, na pia ni mwalimu wa malezi. Wale wale ninaowafundisha asubuhi hunifuata jioni kuniambia, "Mwalimu, mimi Hisabati siiwezi tu." Ninachoamini ni kwamba moyo wa kustahimili hauji kwa hotuba. Unakua pale aliyekosea anapopewa nafasi ya kulirudia swali lile lile, akaona mwenyewe alipoteleza, na kazi yake ya kurekebisha ikahesabiwa.

Chukua swali hili: 3(x − 2) = 12. Wengi huandika 3x − 2 = 12, wanaendelea vizuri hadi mwisho, wanapata x = 14/3. Ukiweka alama ya kosa na kupita, mtoto anaamini hajui milinganyo. Lakini anaijua! Kilichomshinda ni kufungua mabano tu. Mimi humwambia alirudishe jibu lake kwenye swali. 14/3 ukitoa 2 inabaki 8/3, ukizidisha kwa 3 unapata 8, na swali linataka 12. Hapo hakuna haja ya mimi kusema amekosa, hesabu yenyewe imeshamwambia. Anapanda juu mstari kwa mstari mpaka anaikuta ile 2 ambayo haikuzidishwa, anaandika 3x − 6 = 12, anapata 6, anaijaribu tena, inakubali. Mtoto aliyelisaka kosa lake mpaka akalikamata, wiki ijayo ananyoosha mkono. Hili nimeliona kwa wanafunzi ambao wenzao walishawaita vilaza.

Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2019 matokeo ya jaribio kubwa lililohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa. Kwa muda usiofika saa moja, wanafunzi walisoma kwenye kompyuta kwamba uwezo wa akili hukua kwa mazoezi. Waliokuwa na alama za chini walipanda kidogo, wastani wa pointi 0.1 kwenye kipimo chao cha alama kinachofika pointi 4 hivi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba somo lile lilizaa vizuri zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenyewe walizoea kuchagua kazi ngumu. Maneno mazuri yanahitaji mahali pa kuota mizizi. Darasa likiwa la kuaibishana, hata ukihubiri mwaka mzima hutavuna.

Na hapa lazima nizungumzie kiboko. Kanuni zetu zinaweka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu, na viwe kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kukosa swali la mabano si utovu wa nidhamu. Mtoto anayechapwa kwa kukosa hujifunza jambo moja haraka sana, nalo ni kukopi kwa jirani. Daftari lake litakuwa safi, limejaa alama za vema, na mimi sitajua kamwe alichokuwa hajaelewa.

Lugha nayo ina mzigo wake. Mtoto anatoka shule ya msingi alikojifunza kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Anaweza kujua kabisa anachotaka kuuliza, akashindwa kukisema, akanyamaza. Tukimhesabu mvivu tunamwonea. Kwenye masahihisho mimi huwaruhusu waeleze kosa lao kwa Kiswahili, sentensi moja tu: "Nilizidisha x peke yake, nikaisahau 2." Hesabu yenyewe wanaiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ijenge akili yenye udadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine, na kujiamini. Alionya pia tusiutukuze mtihani kupita kiasi. Nilifurahi sana Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule bora na wanafunzi bora. Ila kwenye mbao za matangazo shuleni bado tunabandika orodha kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho tunamjua wote kwa jina. Mimi ningeiondoa kesho.

Wenzangu wataniuliza, kwa darasa la watoto 70 au 80 utasahihisha saa ngapi? Swali la haki kabisa. Sisahihishi yote. Napitia madaftari nikitafuta kosa lililorudiwa na wengi, naliandika ubaoni bila jina la mtu, wanakaa wawili wawili kulitafuta lilipo. Kisha kila mmoja anarudia swali moja tu alilokosa, na akilipata anarudishiwa nusu ya alama. Wapo wanaosema huko ni kuwagawia alama za bure. Si za bure, kwa sababu anayerudia anafanya kazi mara mbili. Isitoshe, Hisabati imekuwa kwa miaka mingi ikishika mkia kwenye mtihani wa kidato cha nne, wakati alama 30 tu ni ufaulu. Wengi wanaofeli walishaacha kujaribu tangu kidato cha pili.

Wazazi nanyi, siku ya kikao msiishie kuuliza "amekuwa wa ngapi?" Ombeni daftari, fungueni kurasa za katikati, mtafute swali lililokosewa. Chini yake kuna jaribio la pili? Kama halipo, muulizeni mwalimu, nami nikiwemo, ni lini mtoto atalirudia.