Mandhari ya hadithi: tunayoambiana Goma na yaliyo ya kweli

Ndugu zangu mnaoandika hadithi huku Goma, kuna mambo kuhusu mandhari tumeyazoea sana na yanaharibu kazi nzuri.

La kwanza eti mandhari ni mapambo, unasifu mlima na ziwa mwanzoni halafu njo hadithi inaanza. Hapana jamani. Mahali njo panaamua mtu wako ataweza nini na nini kitamshinda. Angalia mazuku: ni gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo, haionekani na inaua mbuzi na watu. Sasa mtoto katumwa alfajiri kutafuta mbuzi na mbuzi kateremka shimoni, hadithi si imeshaanza? Na Nyiragongo, volkano yetu, hujaisifu hata kidogo.

Wengine wanasema mvua ni huzuni. Hiyo ya filamu za watu. Huku karitie nyingi, yaani mitaa, maji ya bomba ni shida, kuchimba makoro, yale mawe magumu ya lava, kupitisha mabomba si kazi ndogo, kwa hiyo mvua ikigonga bati mama anakimbiza mabeseni na bidoni nje, watoto wanaoga wakipiga kelele, leo hakuna wa kutumwa ziwani. Ukitaka huzuni weka jua.

Halafu eti mandhari ni mahali tu. Na wakati je? Goma ya 2001 na ya 2003 si mji mmoja, tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, watu wakarudi wakajenga juu yake. Mtu wako akirudi kutafuta nyumba yao, pengine ameikanyaga.

Inayoniuma zaidi ni hii, kwamba msomaji wa mbali hataelewa Goma, afadhali hadithi uipeleke Paris. Msomaji hahitaji kuijua chukudu, ile ya mbao ya kubebea mizigo, muonyeshe tu inavyofanya kazi: kijana kapiga goti kwenye kipande cha kandambili kilichopigiliwa ubaoni, magunia ya makaa mbele yake, anateremka kwa kasi, na breki yenyewe ni kipande cha tairi anachokikanyagia gurudumu la nyuma. Hapo mtoto akatize barabara. Msomaji wa Mombasa atataka kujua breki imeshika ama haikushika.