Mgonjwa mmoja, madaktari watatu: maswali ya anayeuguza nyumbani

Baba ana presha, kisukari na figo, na kila ugonjwa una daktari wake. Kazi yangu hasa ni ipi?

Wengi hudhani ni kumsindikiza kliniki na kumkumbusha dawa. Hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili, ambayo hakuna anayekukabidhi rasmi, ni kubeba habari kutoka chumba kimoja cha daktari hadi kingine. Madaktari wake huenda hawajawahi kuzungumza, na faili zao mara nyingi hazionani.

Chukua mgonjwa anayetumia warfarini ili damu isigande. Goti linamuuma, anakwenda kutibiwa kwingine, anaandikiwa diklofenaki. Kila dawa ina kazi yake, lakini zikikutana zinaongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Tena diklofenaki yenyewe huweza kupandisha presha na kuzidi kuumiza figo zilizokwisha kuchoka. Pengine sentensi moja tu ingetosha kuzuia yote hayo: "Daktari, anatumia na warfarini."

Nianzie wapi?

Orodha ya dawa. Kama una nafasi ya kufanya jambo moja wiki hii, fanya hilo. Andika jina la kitaalamu la kila dawa pamoja na lile la kibiashara, miligramu, saa za kumeza, inatibu nini na nani aliiandika. Jina la kitaalamu lina maana yake: dawa ileile huuzwa kwa majina tofauti, na mgonjwa anaweza kumeza dozi mbili akidhani ni dawa mbili.

Weka na zile ambazo watu hawazihesabu kuwa dawa: matone ya macho, vitamini, dawa za mitishamba, vidonge vya mafua vilivyonunuliwa dukani. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini au aliyekonda sana huhitaji kipimo cha chini zaidi kitakachopangwa na daktari. Mtu anameza vya mafua, anaongeza vya kichwa, na kikomo kinapitwa bila mtu kujua.

Kwenye aleji, usiishie kuandika "penisilini". Andika ilimfanya nini. Kuharisha kidogo ni jambo moja. Kuvimba uso na kubanwa pumzi ni jambo jingine kabisa, na daktari ataamua tofauti. Dawa zilizosimamishwa nazo zibaki chini ya ukurasa pamoja na sababu, vinginevyo daktari mpya ataanza tena ileile iliyomsumbua.

Karuhusiwa kutoka hospitali. Niangalie nini?

Hapa ndipo pa kuwa macho kuliko siku nyingine zote. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, lilitaja mgonjwa kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine kuwa mojawapo ya maeneo matatu ya kipaumbele. Sababu inaonekana ukifungua kabati la nyumbani: dawa za zamani zimo, mfuko wa hospitali una mpya, na fomu ya kuruhusiwa ina mwandiko usiosomeka.

Kabla hamjatoka wodini, uliza dawa ipi ni mpya, ipi imebadilishwa dozi na ipi aache kabisa. Kisha eleza ulichosikia kwa maneno yako mwenyewe, muuguzi akusahihishe. Usione haya, afadhali uonekane mgumu wa kuelewa wodini kuliko kubahatisha usiku nyumbani. Uliza pia kama kuna vipimo ambavyo majibu bado hayajatoka, na nani atayafuatilia. Majibu ya namna hiyo hupotea kirahisi kwa sababu kila upande unadhani mwenzake ameyaona.

Ndugu ni wengi, na kila mmoja ana la kumwambia daktari.

Chagueni msemaji mmoja, ikiwezekana yule aliye na mgonjwa kila siku. Aliye mbali apewe kazi halisi: kulipa bili, kupanga miadi, kupiga picha ya orodha mpya na kuisambaza kwa familia. (Kwa kawaida aliye mbali zaidi ndiye mwenye ushauri mwingi zaidi. Kazi humpunguzia.)

Daktari anaweza kukataa kunieleza hali ya mama?

Ndiyo. Habari za mgonjwa ni siri yake, hata kwa mwanawe. Maadamu ana akili timamu, mwombe amwambie daktari mbele yako kwamba umeruhusiwa kujua, na ruhusa hiyo iandikwe kwenye faili. Zungumzeni mapema nani atamsemea siku asipoweza.

Ni wakati gani nisisubiri miadi?

Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, mpeleke hospitali mara moja na ukumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na hesabu huanzia saa hiyo aliyoonekana mzima.

Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa kwa siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Huenda ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa mpya. Mwenye kisukari akitetemeka na kutoka jasho, mpime. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Ita msaada wa dharura.

Baba anakataa kumeza dawa. Nimlazimishe?

Muulize kwanza sababu, tena mkiwa wawili tu. Mara nyingi ipo, na hajaisema kwa daktari kwa kuona aibu. Anayepewa furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, jioni huamka usiku kucha kwenda chooni, na mzee anayeogopa kuanguka gizani ataona bora aiache. Mweleze daktari hivyohivyo, umuulize kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Mara nyingi inawezekana. Akikubali, badilisha saa kwenye orodha siku hiyohiyo.